Nimesoma Barkskins kwenye karakana ya baba, Keko

Nilikinunua mtumba, kwa muuza vitabu wa kando ya barabara huku mjini, shilingi 15,000 baada ya kuvutana sana. Ni riwaya ya Annie Proulx, Mmarekani, iliyotoka 2016. Ina zaidi ya kurasa 700, ukiitia kwenye mkoba utadhani umebeba tofali. Sikuwa na mpango nayo, ila muuzaji aliponiambia ni habari za wakata miti nikasimama. Mimi nimelelewa na mbao. Baba ni seremala Keko, hapa Dar es Salaam, tangu sijazaliwa, na ada ya shule yangu yote imetoka kwenye vitanda na makabati.

Inaanza 1693. Wafaransa wawili mafukara, René Sel na Charles Duquet, wanashushwa New France, sehemu ya Kanada ya leo, kumkatia bwana mmoja miti kwa mkataba wa miaka, ili baadaye wapate ardhi yao. Sel anabaki na shoka. Anaozeshwa Mari, mwanamke wa Kimi'kmaq, kabila la wenyeji wa huko, na wajukuu wao wanaishia kuwa vibarua wa kukata misitu ileile iliyokuwa ya watu wa bibi yao. Duquet anatoroka, anaingia kwenye biashara ya manyoya, kisha mbao, jina linageuka Duke na kampuni inakua. Koo hizo mbili unazifuata mpaka 2013.

Kilichonikamata ni kazi yenyewe. Proulx anajua shoka linavyompinda mtu mgongo. Anajua magogo yanavyosukumwa mtoni theluji ikiyeyuka, na jinsi kijana anavyoteleza katikati ya magogo asionekane tena. Jioni nilikuwa namsimulia baba huku anapiga randa. Nikamwambia Waingereza walivyokuwa wakiitia alama misonobari mirefu ya kule Marekani, isiguswe, iwe milingoti ya meli zao za kivita.

"Msonobari si ndiyo hii misindano ya Mafinga?"

"Ndugu yake, baba."

Akainua ubao wa mbili kwa nne, akaufumbia jicho moja kuangalia ulivyopinda, akacheka. "Hii ibebe tanga la meli ya vita?"

Halafu akanyamaza kidogo, akaanza ya kwake. Alipoanza kazi, kitanda kilikuwa cha mninga na hakuna aliyeuliza. Siku hizi mteja akitaka mninga anatajiwa bei kwanza, anakuna kichwa, anaondoka na paini iliyopakwa rangi ya mninga. Basi nikaona kitabu kinakosemea. Humo ndani karibu kila mwenye shoka anaamini msitu hauishi, na mwanawe anaamini vilevile, ila msitu anaouona mwana umeshapungua na yeye anadhani ndivyo ulivyokuwa siku zote. Jinot Sel anavuka bahari na mwenye kiwanda cha mashoka mpaka New Zealand, wanakuta mikauri, miti mikubwa ya huko, minene, imenyooka, haina mafundo. Hapo baba aliacha randa kabisa. "Haina mafundo?" Akataka niisome tena.

Sasa lawama. Watu wanakufa mno, tena haraka. Unamzoea mtu, unafungua ukurasa, ameshazikwa na mjukuu wake anadaiwa. Nusu ya pili inakimbia, na zile sura za mwisho za vijana wanaopanda miti zimenikalia kama semina, watu wanahutubiana badala ya kuzungumza. Kiingereza chake pia si cha mchezo. Kamusi iliniangusha kwenye majina ya vifaa, mpaka nilipomweleza baba "shoka ambalo makali yake yamelala kama jembe" naye akanyoosha kidole ukutani: tezo.

Hata hivyo nakipa nyota nne. Hakikututukana sisi watu wa msumeno, na hakikutuachia pia.

Kero kubwa ilikuwa ya nakala yangu. Kitabu kina michoro ya nasaba za koo zote mbili huko mwisho, na kwangu kurasa hizo zilikuwa zimechanwa. Ukinunua mtumba, funua mpaka mwisho kabla hujatoa hela. Bila nasaba nilipotea nikiwa bado karne ya 18, simjui tena nani mtoto wa nani. Nikaokota kipande cha plaiwudi, nikaazima penseli ya baba kutoka sikioni kwake, nikaanza kuchora mwenyewe, kina Sel kushoto, kina Duke kulia, kila anayekufa namkata mstari. Nilimaliza riwaya nikiwa na kile kipande magotini.

Wiki iliyofuata nilitaka kukipiga picha nimtumie rafiki yangu anayekisoma pia. Nikatafuta chini ya benchi, nyuma ya mbao, kwenye maranda, hakipo. Baba akasema kilikuwa na kipimo kizuri. Kimeshakuwa kitako cha droo, na kabati limeshapelekwa kwa mteja Mbagala, upande wenye majina ameugeuzia chini.