Kuweka programu Google Play nikiwa Mwanza: uzoefu wangu

Wengi hudhani kikwazo ni dola 25 za kufungua akaunti ya msanidi, yaani mtengeneza programu. Hapana. Unalipa mara moja tu, basi. Kadi yangu ya mtandaoni ilikubali jaribio la kwanza. (Apple ni dola 99, tena kila mwaka. Sikuthubutu.) Kilichonitoa jasho ni watu 12.

Akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023, programu yake lazima ijaribiwe na watu wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo, ndipo uombe kuiweka sokoni. Mwanzoni walitaka 20, wakapunguza Desemba 2024. Wenye akaunti za kampuni hawapitii huko.

Yangu ni daftari la madeni la wauza dagaa, kwa hiyo nilishuka soko la dagaa la Mwaloni Kirumba. Nilitaka wajaribu wenye Gmail. Mama mmoja alinipa simu huku akishona gunia: "Angalia mwenyewe mwanangu, mimi hayo siyajui." Nikakuta akaunti ni ya fundi aliyemuuzia simu! Wa pili hivyo hivyo. Wa tatu anayo yake, ila nywila ilipotea zamani. Kutwa nzima nikaambulia wanne.

Kwa pupa nikalipia kikundi kimoja cha mtandaoni kinachouza wajaribu. Siku ya tisa watano wakajitoa, hesabu ikavurugika, na pesa ndiyo imekwenda. Usijaribu. Nilimalizia kwa wadogo zangu na marafiki wa chuo. Yaani programu ya dagaa imejaribiwa na watu wanaozijua kwenye sahani tu.

Baada ya hapo mambo yalinyooka. Makato ya Google kwenye mauzo ni asilimia 15 kwa dola milioni moja za kwanza kila mwaka, lakini yangu ni ya bure, hayanihusu.

Akina mama wa Mwaloni niliwarushia faili ya APK, ile ya kusakinisha programu bila kupitia Play, kwa WhatsApp. Simu ikatoa onyo, mmoja akaifuta palepale. Na mlango huo nao unawekewa bawabu: Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba wasanidi watatakiwa kuthibitisha utambulisho wao hata kwa programu zilizo nje ya Play, kuanzia na nchi nne, Brazili na Indonesia zikiwemo, Septemba 2026.

Uzoefu wote naupa nyota tatu. Yule mama wa gunia sasa anaitumia. Ilibidi kwanza nimfungulie Gmail yake mwenyewe, dakika arobaini, kwa bando langu.