Kituo cha twisheni Nkuhungu: hisabati nzuri, sharti baya

Kwa ufundishaji, kituo hiki cha twisheni kilichopo Nkuhungu, Dodoma, kinastahili sifa: mwalimu wa hisabati hupitia kila hatua ya swali ubaoni, na daftari hurudi likiwa limesahihishwa kwa wino mwekundu hadi pembezoni. Ada ni ya wastani. Ninachokipinga ni sharti la kutompokea msichana aliyekwisha kuzaa, eti atawaharibu wenzake, ilhali Serikali yenyewe iliruhusu wasichana hao kurejea shuleni Novemba 2021, na anayelea mtoto huku akitafuta cheti cha kidato cha nne huwafunza wenzake uzito wa mimba za utotoni kuliko hotuba yoyote. Mvulana aliyempa mimba, nionavyo, haulizwi lolote anapokuja kujiandikisha.