Kurudisha mfumo wa kiwandani wa kuvuta hewa katika gari la michezo: ununue kipi, uache kipi

Anayenunua gari la michezo lililokwisha kufanyiwa marekebisho mara nyingi hukuta chini ya boneti chujio la umbo la pia (koni) likiwa wazi mwishoni mwa paipu ya alumini, ilhali boksi la eakilina, yaani kasha la chujio la hewa, lililotoka kiwandani lilikwisha kutupwa na mmiliki wa awali. Chujio la namna hiyo huvuta hewa iliyopashwa joto na injini yenyewe, na kwa kuwa hewa hupoteza takriban asilimia 1 ya uzito wake katika ujazo uleule kwa kila nyuzi 3 za Selsiasi zinazoongezeka, sehemu kubwa ya nguvu inayodaiwa kupatikana huishia kuwa mlio tu. Boksi la kiwandani huvuta hewa ya nje, kwa kawaida kupitia mdomo uliofichwa nyuma ya taa, grili au fenda.

Kabla ya kununua chochote, chunguza jinsi injini inavyopima hewa. Penye sensa ya waya wa moto, yaani waya unaopashwa joto na kupozwa na hewa inayopita, kipimo hutegemea kipenyo cha paipu inayoishika sensa hiyo. Ikiwa programu ya kompyuta ya injini ilibadilishwa ili ilingane na paipu pana, kisha ukarudisha paipu nyembamba ya kiwandani bila kurudisha programu yake, sensa itaonyesha hewa nyingi kuliko iliyopo na injini itamiminiwa mafuta kupita kiasi. Honda S2000, ambayo hukadiria hewa kwa shinikizo la ndani ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwa silinda), haina tatizo hilo.

Chaguo ninaloliweka mbele ya yote ni mchanganyiko: boksi, mfuniko na mdomo wa kuvutia hewa viwe vya mtumba kutoka gari la aina ileile, lakini hozi ya mpira, sili na chujio viwe vipya. Plastiki ngumu ya boksi huzeeka polepole. Mpira ndio unaochanika, hasa ndani ya mikunjo yake ambako jicho halifiki. Hewa inayopenya kwenye ufa uliopo baada ya sensa haipimwi, hivyo mchanganyiko wa hewa na mafuta hupungukiwa mafuta, na kompyuta hutoa msimbo wa hitilafu P0171, pamoja na P0174 katika injini yenye safu mbili za silinda. Katika injini ya tabo, yaani yenye feni ya kuisukumia hewa, hasara huwa kubwa zaidi, kwa maana vumbi linaloingia kwenye ufa ulio kabla ya tabo hukwangua mapanga yake.

Muuzaji wa mtumba akikwambia kwamba seti imekamilika, mwombe picha ya kila kipande. Vinavyokosekana kwa kawaida ni klipu, mipira ya kushikilia boksi, kiungo cha hozi ya kupumulia injini, na kile chumba kitupu cha kupunguza mngurumo ambacho wengi hukidhania hakina kazi. Linganisha namba ya spea na aina ya injini, si jina la gari peke yake: Mazda MX-5 ya kizazi cha kwanza yenye injini ya lita 1.6 hutumia kipimahewa cha kibao kinachosukumwa na upepo, ambacho hakibadilishani na sensa ya waya wa moto ya lita 1.8. Nissan 370Z nayo ina boksi mbili na sensa mbili, na tangazo la boksi moja ni nusu ya mfumo.

Nafasi ya pili ni vipuri halisi, vyote vipya. Ubora wake hauna shaka, ila kila klipu huuzwa peke yake, na kwa magari ya zamani baadhi ya vipande havitengenezwi tena. Ya tatu ni seti nzima ya mtumba pamoja na hozi yake. Ikubali tu baada ya kuikunjua hozi mkunjo kwa mkunjo penye mwanga mkali.

Nakala zisizo za mtengenezaji naziweka nyuma. Mdomo wa kuvutia hewa wa nakala unavumilika, lakini kipande kinachoshika sensa hakivumiliki, kwa kuwa tofauti ndogo ya kipenyo hupotosha kipimo. Mwisho kabisa ni kubaki na chujio la pia na kulizungushia bati la kuzuia joto, jambo linaloeleweka pale tu ambapo sehemu za kufungia boksi zilikatwa.

Kwa chujio, nunua la karatasi kavu. Mafuta yaliyozidi kwenye chujio la kupakwa mafuta huweza kuganda kwenye waya wa sensa, na waya huo husafishwa kwa dawa yake maalumu pekee, kamwe si kwa kitambaa. Ukishafunga kila kitu, unganisha kifaa cha kusomea kompyuta: ikiwa kompyuta inaendelea kuongeza mafuta ya kuchomwa kwa kiwango kikubwa, kagua klempu na hozi kabla ya kununua sensa mpya.