Kalipa za pistoni nne Malindi: breki sina neno nazo, duka ndilo lililonichefua

Nianze na kalipa zenyewe, yaani vile vyuma vinavyobana pedi kwenye diski ya gurudumu ili gari isimame, kabla hasira haijanichukua. Ni nzuri. Ni zile za pistoni nne, mtumba wa Japani, zilizofunguliwa kwenye Subaru Impreza WRX, nami nikazitia kwenye Subaru Forester yangu isiyo na tabo (turbo). Anayetaka vipimo atavitafuta mwenyewe. Mimi nimekuja kusema habari za duka lililoniuzia na kunifungia hapa Malindi, maana nikinyamaza nitapasuka.

Najua mtauliza: Malindi hii tambarare, mlima wetu mkubwa ni matuta ya barabarani, breki kubwa za nini? Swali hilo nimeshaulizwa mpaka barazani. Mimi hutoka Nairobi gari imejaa watu na mizigo, na ile teremko ya Mazeras kuja Miritini, mbele trela, nyuma trela, breki zangu za zamani zilikuwa zikinuka. Nakanyaga, gari inapunguza mwendo shingo upande. Na kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi: breki kubwa hazifupishi umbali wa kusimama ghafla mara moja. Pale kazi ni ya tairi, na tairi kipara litateleza hata ufunge breki za ndege. Diski kubwa na nene faida yake ni kubeba joto jingi na kulitoa, ili ukifika chini ya mlima ukikanyaga upate breki zile zile ulizokuwa nazo juu. Mtu ambaye safari zake ni Watamu na kurudi atie pedi nzuri na mafuta mapya ya breki, pesa iliyobaki anunulie watoto viatu.

Basi nikaenda dukani. Ubishi wa kwanza ulikuwa wa diski. Bwana yule alishikilia nichukue zenye matundu, ati zinapendeza zikionekana ndani ya rimu. Nikamwambia sitaki urembo. Kila tundu ni chuma kilichopungua, na nyufa za joto hupenda kuanzia pale pale kwenye tundu. Nikachukua za kawaida zenye mapango ya hewa katikati, milimita 294. Diski hizo pamoja na kalipa zake hazikuingia kwenye rimu zangu za inchi 15, ikabidi nitafute za 16. Hilo nalo hakunitajia mpaka pesa imeshatoka mfukoni. Nikavumilia, biashara ni biashara.

Sasa sikilizeni. Nimetoka pale, sijafika mbali kwenye Lamu Road, tuktuk inakata mbele yangu bila ishara, kama kawaida yao. Nakanyaga breki, pedeli inazama. Nakanyaga tena haraka haraka, ndiyo inapanda. Nilisimama nusu mkono tu nyuma ya yule kijana, abiria wake mama mmoja wa buibui akageuka akanitazama, nami jasho linanitoka hata kiyoyozi hakisaidii.

Nikarudi kwa mwendo wa kobe. Mwenye duka ameketi kwenye kiti cha plastiki anakula muhogo wa nazi. Hakuinuka. Nikamweleza pedeli inazama, ukiipampu inapanda, na mtu yeyote aliyewahi kukaa gereji anajua hiyo ni hewa imo ndani ya mafuta ya breki. Ati, "Mzee, kalipa kubwa zinakunywa mafuta mengi, ndivyo zilivyo." Ni kweli pistoni kubwa hutaka mafuta zaidi, na pedeli yaweza kushuka kidogo kuliko ulivyozoea. Lakini kushuka kidogo si kuzama! Nikamwomba atume kijana atazame. Akacheka, akawageukia wateja wake, akasema, "Breki ni nzima. Mguu wa mzee ndio dhaifu."

Mguu wangu! Mbele ya watu! Mguu huu umekanyaga klachi za malori kabla yeye hajazaliwa. Sikumjibu, nikachukua ufunguo. Lakini wallahi mpaka leo nikipita pale damu inachemka, na nikiri kwamba kila ninachokisema hapa kuhusu duka lile kimepitia kwenye ule mguu.

Fundi mmoja wa mtaa wa Barani ndiye aliyevua tairi. Hata hakuchutama vizuri, akasema, "Kaka, hizi zimefungwa kinyume." Kalipa ya kulia iko kushoto, ya kushoto iko kulia. Zinakaa, boli zinaingia, tatizo ni kwamba nipuli za kutolea hewa zinatazama chini. Na hewa hupanda juu, hata mtoto anayecheza baharini anajua hivyo. Ungekesha unapampu, mafuta yangetoka chini safi kabisa na povu likabaki limejificha juu ya pistoni. Akazibadilisha pande, akatoa hewa magurudumu yote manne, pedeli ikasimama juu, ngumu.

Halafu kuna yale mafuta. Siku ile ya kufungiwa niliona kwa macho yangu chupa ya DOT 4, aina ya mafuta ya breki, iko wazi mezani, kizibo hakijulikani kilipo, kwa unyevu huu wa pwani! Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani. DOT 4 mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, ila ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka mpaka 155, na huko Mazeras ndiko ungekuja kugundua. Fundi wa Barani akayamwaga yote, akafungua chupa mpya mbele yangu.

Tangu hapo, jamani, raha. Tulikwenda asubuhi mapema ng'ambo ya daraja la Sabaki kuelekea Mambrui tukazizoesha pedi, kutoka mwendo wa 80 mpaka 20 bila kusimama kabisa, kisha tena, halafu tukaziacha zipoe. Nimeshashuka Mazeras nazo, hakuna harufu. Na kitu kimoja sikukitarajia: kalipa zangu za zamani zilikuwa zinateleza juu ya pini, na pini zile chumvi ya bahari ilikuwa ikizigandisha kila mara. Hizi pistoni ziko pande zote mbili, hakuna pini ya kuteleza.

Kwa hiyo duka lile nunueni? Haki ya Mungu vitu vyake ni vya asili, na bei yake iko chini ya Mombasa. Nilikuwa nimeamua kusema nunueni pale, mkafungiwe kwingine. Lakini nikikumbuka mama yule wa buibui alivyonitazama... Hapana. Nendeni Mombasa, lipeni hiyo nauli.

Kalipa zangu kuukuu bado ziko kwake, alisema atanilipa chochote. Nimemtuma mpwa wangu akazichukue. Mimi siendi.