Vali ya resori ao ya termostati kwa radiatere ya mafuta ya idroliki?
Hapa Lubumbashi mwezi wa 7 asubuhi baridi inakamataka kabisa, mafuta inakuwa nzito, pale ndiyo tofauti ya hizi vali mbili, zenye kupitisha mafuta pembeni ya radiatere, inaonekana. Vali ya resori inasikiaka presio tu, mafuta nzito ikisukuma sana inafunguka, mafuta inapita pembeni na radiatere haipasuke, bei nayo ni nafuu, lakini joto haijue hata kidogo, na uchafu ikiikamata wazi basi siku yote mafuta itapita pembeni, unagusa tanki inachoma, radiatere iko baridi (hapo usikimbilie kubadilisha pompi, fungua vali kwanza). Ya termostati iko na nta ndani, kwa modeli zingine ikifika digri 50 hivi nta inavimba, inapeleka mafuta kwenye radiatere kidogo kidogo. Kwa mashini ya karyeri mi nachagua hii, ila resori naiacha pembeni yake, sababu nta haisikie presio.