Kuuza nyumba Nakuru: jiko jipya au marekebisho madogo?

Unauza nyumba Kiamunyi au Lanet, na jiko limechakaa. Je, ubomoe uweke makabati mapya na kaunta ya graniti, au utengeneze tu palipoharibika?

Mimi nashauri kutengeneza. Tulipouza nyumba ya mama yetu, mnunuzi wa kwanza alichuchumaa mbele ya kabati la chini ya sinki, akabonyeza ubao uliovimba kwa maji, kidole kikazama. Vyumba vya kulala hakuviuliza tena. Tukabadilisha ubao, tukatengeneza mfereji uliokuwa ukivuja, tukakaza bawaba na kupaka rangi nyeupe. Fundi alimaliza kwa siku 3. Mnunuzi aliyefuata alifungua kabati lile lile, akalifunga, akaanza kuzungumza bei.

Jiko jipya ni suala la ladha. Graniti nyeusi uliyoichagua kwa mapenzi yako, mwenzio huenda akaing'oa, na gharama yake hatakurudishia.

Kuna hoja moja ya kweli upande wa jiko jipya: kodi ya faida ya mauzo, asilimia 15 tangu Januari 2023. Aliyeishi kwenye nyumba yake miaka 3 mfululizo kabla ya kuuza hatozwi. Lakini kama ulikuwa ukiipangisha, gharama za uboreshaji hupunguza faida inayotozwa, kwa hivyo tunza kila risiti. Piga hesabu hata hivyo: shilingi 100,000 za jiko zinakuokolea kodi ya 15,000. Zile 85,000 zilizobaki sharti zitoke kwa mnunuzi.