Filamu Mbili za Wahudumu wa Ambulensi: Ipi Inaueleza Uchovu Wao kwa Kina Zaidi?

Bringing Out the Dead ya Martin Scorsese (1999) na Asphalt City ya Jean-Stéphane Sauvaire, iliyoonyeshwa katika tamasha la filamu la Cannes mwaka 2023, zote zimetokana na riwaya na zote zinafuata magari ya wagonjwa jijini New York, lakini haziutazami uchovu wa kazi kwa jicho moja.

Scorsese anatuonyesha mtu aliyekwisha kuchoka kabla hadithi haijaanza. Frank Pierce, anayeigizwa na Nicolas Cage, anafanya kazi kwa siku tatu, kila zamu na mwenzake mwingine, na katika nyuso za wapita njia anamwona Rose, msichana ambaye Frank alishindwa kumwokoa. Kinachonigusa zaidi ni pale anapomsihi mkuu wake amfukuze kazi, naye mkuu anamwahidi kumfukuza kesho, kisha anamrudisha barabarani kwa sababu watu hawatoshi. Hapo tunaelewa kwamba tatizo si udhaifu wa moyo wa mtu mmoja.

Sauvaire anaanza na mgeni wa kazi, Ollie Cross (Tye Sheridan), anayejiandaa kusomea udaktari huku akifunzwa na mkongwe Rutkovsky (Sean Penn). Tunauona uchovu ukimwingia hatua kwa hatua, na hilo ni jambo zito. Hata hivyo, ving'ora na damu vinazidi kiasi hadi wagonjwa wanabaki miili tu, bila historia zao. Kwa sababu hiyo naichagua ya Scorsese, ambayo haimsahau mgonjwa hata pale mhudumu anapoishiwa nguvu.